Fundi wa Redio Aliyekaa Kando ya Mashine ya Posho

Kama hukuishi Bondeni ya Nakuru miaka ile, utasema nadanganya. Na kwa kweli mimi hudanganya kidogo, sikatai, hata mama yangu alikuwa akisema nikitumwa maji mtoni narudi na habari ya mamba na ndoo tupu. Lakini kwa huyu fundi sina haja ya kuongeza. Nikiongeza naharibu. Wewe sikiza tu, na ukisikia nimepita mpaka, jua hapo ni punda zangu wamenivuta.

Mimi nilikuwa mtu wa mkokoteni. Punda wawili, magurudumu mawili ya gari lililokufa, na mdomo. Nilibeba kila kitu Nakuru hii: magunia ya mahindi, mbao, maji, vitanda vya watu wanaohama wakigombana. Punda mmoja nilimwita Gavana, mpaka siku askari aliponisikia sokoni nikipiga kelele, "Gavana, mvivu wewe, nitakuchapa!" Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari, mtu anaulizwa kipande, ile karatasi ya kitambulisho, hata akienda chooni. Askari akasema, "Unamchapa nani?" Tangu siku hiyo punda akaitwa Karani. Hakukataa. Kazi ilikuwa ile ile.

Sasa, fundi. Jina lake silisemi, na hata Bondeni hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi, basi. Ukisema "naipeleka kwa Fundi" hakuna anayeuliza fundi gani, fundi cherehani au fundi viatu. Ni yule wa redio, mwenye koti la jeshi lililopauka mpaka likawa rangi ya vumbi la ziwani, wembamba wa mti wa fito, na masikio makubwa, nasema makubwa! Upepo wa mchana ukitoka ziwani nilikuwa nikimwambia, "Fundi, shika mlango, utaruka." Alikuwa akicheka baada ya muda kidogo, kama mtu aliyengoja barua ifike ndiyo acheke. Mimi nilidhani ni mtu wa kufikiri sana.

Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati, na pembeni yake mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Ile mashine ilikuwa ikianza asubuhi, kuku wa Bondeni wanaacha kutaga. Ukitaka kusema na mtu unamshika sikio unapiga kelele ndani kama unaita ng'ombe. Na huyu ni mtu wa sauti! Mtu ambaye kazi yake ni kutoa kelele kwenye redio! Nilimuuliza mara nyingi, "Fundi, mahali pote pa Nakuru, ukaona hapa?" Akasema, "Kodi ni nafuu." Mwaka mzima nikaamini kodi.

Redio zenyewe wakati huo zilikuwa za watu wachache, na kila redio moja ilisikizwa na watu arobaini. Sanduku la mbao kubwa kama la kuzikia mtoto, na betri nzito kama tofali mbili. Mwenye redio alikuwa mkubwa kuliko mwenye gari. Sasa ikiugua, ni msiba. Watu walikuja nayo imefungwa shuka, nyuma wanafuata majirani, na mimi ndiye niliyebeba maana watu waliogopa kuibeba kichwani isije ikaanguka. Ndivyo nilivyoanza kukaa kwa Fundi. Nashusha mgonjwa, nangoja nione kama atapona.

Alikuwa na msemo wake. Alisema, "Sauti ni mgeni, kelele ni mwenyeji." Maana yake, alinieleza akinywa chai, ni kwamba hewa yote imejaa kelele tangu Mungu aumbe. Radi za Molo, mitambo ya reli, jua lenyewe linanguruma. Kelele iko nyumbani kwake. Halafu kutoka Nairobi anakuja mgeni, sauti ya mtu mmoja inasoma habari, imechoka na safari, ni nyembamba kama uzi. "Fundi mjinga anataka kumfukuza mwenyeji," alisema. "Huwezi. Ni kwake. Unamwomba tu asogee kidogo, mgeni apate pa kukaa." Mimi sikusoma, lakini hiyo niliielewa siku ile ile, maana nyumbani kwetu tulikuwa kumi na moja chumba kimoja.

Kazi hiyo aliijua vitani. Alibeba mitambo ya simu za upepo msituni huko Burma, na bunduki kubwa zikilia mbele ya uso wake. Vita hakupenda kuisimulia. Nilichopata kwake ni vipande tu, kama mtu anayekupa sukari kwa ncha ya kijiko. Lakini vidole vyake havikunyamaza. Akikaa chini vidole vinagonga meza, ti-ti-taa, taa-ti, ile lugha ya simu. Mama wa mandazi, jirani yake wa upande wa pili, alifikiri ni ugonjwa. Alimletea mafuta ya mnyonyo apake.

"Pole na mikono, Fundi," akamwambia.

"Haiumi, mama. Inaongea."

"Na inasema nini?"

"Inaomba mandazi mbili za jana, hizo ngumu, za bei ya chini."

Yule mama alicheka mpaka akampa nne.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yote yalipolala. Redio ikiletwa, Fundi anaiwasha, anaweka kiganja juu ya sanduku, halafu ananiangalia mimi. "Haya," anasema, "wewe ni ndugu wa mgonjwa. Eleza."

Na mimi, bwana, nilieleza! Nilisema, "Fundi, hii inakaanga. Lakini si kukaanga kitunguu. Ni kama umetupa kuku mzima na manyoya kwenye mafuta, na mafuta yameingia maji, na jikoni kuna mke wa pili." Fundi anatikisa kichwa, anakwenda moja kwa moja kwenye waya ulioachia, anauchoma kwa chuma chake cha moto, redio imepona. Siku nyingine nasema, "Huyu ni ng'ombe. Ng'ombe dume amefungiwa chooni analia mmmmm, na mtangazaji yuko nyuma yake anaomba msaada." Anatoa kikopo fulani cha ndani, anaweka kingine, ng'ombe kanyamaza. Nikisema filimbi, kama birika la mzungu limechemka, anachukua bisibisi ndogo anakuna mahali. Nikisema panya anatafuna karatasi, ni spika imepasuka, anaibandika kwa gundi na karatasi ya sigara.

Nilimuuliza kwa nini ananiuliza mimi, mtu wa punda. Alisema, "Watu wengine wakisikia kelele wanasema 'ni mbaya.' Mbaya ya nini? Wewe unaikuza mpaka naiona." Bwana, nilivimba. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia punguza, wewe unaongeza chumvi. Hapa kuna mtu mmoja anataka chumvi yote niliyonayo. Nikaanza kupita pale hata bila mzigo. Karani na mwenzake walijua njia, wakifika kwa Fundi wanasimama wenyewe.

Siku niliyojua, mashine ya posho ilikatika mkanda.

Ilikuwa mchana, duka limejaa. Mama mmoja wa kutoka mashambani, mke wa nyapara, amekaa pale kwenye kiti kimoja kilichokuwapo, amevaa kitambaa kizuri. Fundi amefungua redio yake, ananipigia kelele kama kawaida, maana ndivyo tulivyoongea siku zote. Ghafla ule mkanda, pwaa! Mashine ikafa. Ukimya ukaanguka Bondeni nzima, ungesikia sisimizi akikohoa. Na katikati ya ukimya huo Fundi anaendelea, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa:

"HUYU MAMA REDIO YAKE IMEJAA MENDE! NYUMBA YAKE NI CHAFU NAMNA GANI?"

Watu wakageuka. Mama akasimama. Mimi nikamshika Fundi mkono, naye akanipigia kelele, "NINI? KWANI AMESIKIA?"

Yule mama alichukua redio yake na mende zake akaondoka, na watu walicheka wiki mbili. Wote walisema Fundi ana dharau. Mimi sikucheka. Mimi, niliyecheka hata kwenye mazishi ya mjomba! Nilikuwa nimeuona uso wake. Mashine ilikuwa imezima, na uso wake haukubadilika hata ukucha.

Wateja walipokwisha nikasimama mbele yake. Nikasema polepole, "Fundi. Mashine imesimama tangu saa nane."

Akaangalia ukutani, upande wa mashine. Akaweka kiganja kwenye bati. Halafu akakaa.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Sikio la kulia lilibaki Burma. La kushoto limekuwa likiondoka kidogo kidogo. Kwanza walienda ndege. Nilifikiri wamehama, nikamuuliza mama wa mandazi, ndege wa asubuhi wameenda wapi? Aliniangalia vibaya. Halafu zikaenda sauti za watoto. Sasa wewe nakusikia kama mtu aliye chini ya blanketi tatu. Nusu nasoma mdomoni."

Ndipo nikaelewa kodi nafuu. Pale kando ya mashine kila mtu alikuwa kiziwi mchana kutwa. Hakuna anayeshangaa ukisema "nini?" mara tatu. Alikuwa amejificha kwenye kelele kama mtu anavyojificha kwenye mahindi.

"Utasema?" akaniuliza.

Fikiria mtu ananiuliza swali hilo mimi! Mimi niliyekuwa gazeti la Nakuru kabla gazeti halijafika! Lakini nakwambia, na hapa siongezi, sikusema. Sikumwambia mke wangu. Sikumwambia Karani. 

Na sababu ya kuficha haikuwa wateja tu. Ilikuwa barua.

Fundi alikuwa na njaa moja. Tangu arudi vitani alikuwa akiandika Nairobi, kwa wakubwa wa matangazo, aombe kazi kwenye mtambo wenyewe, kule sauti inakotoka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ungedhani ni wa karani wa mahakama. Kila mwaka barua, kila mwaka kimya. Alikuwa akisema, "Nimechoka kupokea. Maisha yangu yote nashika kikombe chini ya bomba la mtu mwingine. Nataka siku moja nisimame pale maji yanapotoka." Alisema kijana aliyejifunza sauti siku hizi ana njia, atakuwa na kazi mpaka uzeeni, maana dunia inaelekea huko, kila kitu kitasafiri kwa upepo, hata picha. Nilimwambia hata punda? Akasema, punda mwisho.

Hakutaka cheo. Ningekwambia alitaka mshahara, lakini hata hakuuliza mshahara. Kuna siku tulikaa nje mashine imefungwa, wingu la mvua limekaa juu ya mlima Menengai, akaniambia, "Kule kwenye mtambo sauti haina kelele bado. Haijatoka nje. Pale hata mimi nitasikia." Aliamini hivyo. Kwamba kama angeweka lile sikio la kushoto karibu kabisa na mahali sauti inapozaliwa, kabla mwenyeji hajaigusa, angeipata. Mimi sijui kama inawezekana. Wenye kujua mitambo watacheka. Lakini alivyosema siku ile, hata mimi nilitamani kwenda.

Basi barua ikajibiwa. Baada ya miaka yote ile! Inasema mzungu wa mitambo atapita Nakuru, atakaa kwenye chumba karibu na stesheni ya reli, mafundi waje wapimwe. Wataletewa redio tatu mbovu. Atakayezitengeneza atapelekwa kufundishwa.

Fundi aliisoma barua ile mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa. Halafu akaniangalia.

"Nitakuhitaji."

"Mimi? Mimi nitaingiaje? Kama redio ya nne?"

"Nani atapuliza makaa?"

Na kweli, chuma chake cha kuchomea waya hakikuwa cha umeme. Kilipashwa moto kwenye jiko la makaa, na lazima awepo mtu wa kupepea. Fundi gani anaulizwa kwa nini amekuja na mpepea moto?

Wiki nzima tulifanya mazoezi. Kwa mzungu singeweza kupiga domo langu, kwa hiyo tukatengeneza ishara za mkono. Fundi alisema magonjwa ya redio ni mengi lakini baba zao ni wanne. Kukaanga: kiganja kinatetemeka kama kimeguswa na moto. Ng'ombe: ngumi. Filimbi: kidole kimoja juu. Panya: nakuna paja. Na nikiweka mikono kimya, maana yake "ngoja, bado nasikiliza." Nilizijua ishara zile kuliko sala zangu. Mke wangu alinikuta nikikuna paja mbele ya ukuta akaniuliza kama nina upele.

Siku yenyewe nilimwosha Karani. Sijui kwa nini. Hakuna aliyempima Karani.

Chumba kilikuwa na meza, redio tatu, mzungu mmoja mwenye masharubu ya njano, na karani mmoja wa kuandika. Mzungu hakuwa mtu mbaya, hiyo lazima niseme. Alimpa Fundi mkono. Akasema Kiswahili chao kile, "Wewe hapana haraka, lakini hapana lala. Tengeneza hii tatu." Mimi akanionyesha pembe ya dirisha, "Wewe ya makaa, kaa uko. Hapana sema maneno."

Redio ya kwanza, ng'ombe. Nikafunga ngumi kwenye kipepeo cha makaa. Fundi akaiona kwa pembe ya jicho, akafungua, dakika kumi ng'ombe amekufa. Mzungu akaandika. Redio ya pili, filimbi, kidole juu kama najikuna pua. Fundi akachukua bisibisi ndogo, akakuna, filimbi ikaisha. Mzungu akatabasamu, masharubu yakapanda. Akamwambia karani neno, karani akatikisa kichwa kwa furaha. Mimi moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma za harusi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowasimulia watu.

Redio ya tatu ikawashwa.

Ndugu yangu, ilikuwa safi. Sauti ya mtu anasoma habari, nyororo kama maziwa, hakuna kukaanga, hakuna ng'ombe, hakuna panya hata mmoja. Nzima kabisa! Mzungu alikuwa ameweka mtego: baada ya wagonjwa wawili ametia mzima, aone kama fundi atajua.

Na sisi hatukuwa na ishara ya mzima.

Wiki nzima ya mazoezi, vichwa viwili, hakuna aliyefikiria. Kwa sababu maisha yetu yote, nani aliwahi kumletea fundi redio nzima? Tulikuwa na mikono ya magonjwa yote na hatukuwa na mkono wa afya.

Nikaweka mikono kimya. Fundi akaona: ngoja. Akangoja. Kiganja chake kiko juu ya sanduku, ananiangalia kwa pembe ya jicho. Mzungu akaangalia saa. Fundi akaniangalia tena. Leo mtu ataniambia, si ungetikisa kichwa tu? Mzungu alikuwa ananitazama usoni! Si ungeendelea kukaa kimya? Nimejiuliza hilo miaka yote, nikibeba mzigo, nikila, nikioga. Lakini nitakwambia ukweli wangu. Niliona yule mtu anangoja kutoka kwangu kitu, na mimi sijawahi kumnyima mtu maneno. Mtu kama mimi akiambiwa eleza, hawezi kusema hakuna. Hakuna si hadithi.

Kiganja changu kikatetemeka. Kukaanga.

Fundi akafungua redio nzima akaanza kutafuta waya ulioachia. Akatafuta. Akachukua chuma cha moto akachoma hapa, akachoma pale. Mzungu akasimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, wacha. Hii nazuri." Fundi anaendelea. "Fundi, wacha." Fundi ameinama, anachoma. Karani akaacha kuandika. Mzungu akazunguka meza, akapiga makofi mara moja nyuma ya sikio la kulia. Akazunguka upande wa pili, akapiga tena.

Fundi hakugeuka. Halafu mzungu akaja mbele, akagusa bega la Fundi, akasema polepole akifungua mdomo vizuri, "Pole, fundi. Pole sana." Nakwambia hakuwa mtu mbaya.

Tulirudi kwa mkokoteni, jiko katikati yetu, makaa bado yana moto. Fundi alikaa akiangalia mbele. Tulipovuka reli akanigeukia. "Ilikuwa inakaanga?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuwa mtu. Na nikasema, "Fundi, ilikuwa inakaanga kama hoteli ya Wakamba siku ya mshahara! Yule mzungu amekuonea. Mwongo mkubwa!" Nikatukana masharubu yake mpaka Bondeni. Fundi alinisoma mdomo njia nzima. 

Mwezi haukuisha akafunga duka. Mama wa mandazi alilia waziwazi, akamfungia mandazi kikapu kizima. Mimi nilimbebea vitu vyake mpaka stesheni, nikamsimulia vichekesho njia nzima, vyote vya uongo, na yeye akacheka baada ya muda kidogo, kama kawaida yake. Treni ikaondoka.

Baada ya hapo Nakuru ikawa na upungufu. Redio zilikuja kuwa nyingi, mafundi wakaja vijana na vyuma vya umeme, hawana haja ya mpepea moto. Nikimpelekea mtu redio, kijana anasikiliza mwenyewe, anasema "ni mbaya," anatengeneza. Sikuwa na wa kumwelezea. Nilisikia ng'ombe kwenye redio ya mtu hotelini, nikageuka niseme, nikakuta ninageukia ukuta. Punda walikufa uzee, Karani kwanza. Nikaenda kubeba mbao kwenye malori ya Elburgon.

Miaka minne hivi ikapita. Siku moja lori letu limepakia mbao za kupeleka Gilgil, dereva akasimama kando ya barabara, dainamo imeungua. Akasema kuna mzee hapa nyuma anasuka dainamo, hasemi sana lakini mkono wake ni dhahabu. Nikaenda na dainamo begani.

Alikuwa amekaa kwenye gunia, koti lile lile, anazungusha waya mwembamba kama unywele, anahesabu kwa midomo. Nikasimama mbele yake kivuli kikamwangukia. Akainua macho. Hakusema jina langu. Alinyoosha tu mkono akanishika kidevu, kama mtu anayepima papai.

"Umekonda," akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

Nilikuwa na vichekesho vyangu tayari. Miaka minne nilikuwa nimevikusanya, vingi vya kujaza lori. Nikafungua mdomo, na kikatoka kitu kingine.

"Fundi. Ile redio ya tatu ilikuwa nzima. Nilijua. Mzungu hakusema uongo. Mimi ndiye."

Akaniangalia mdomo. "Rudia."

Nikarudia, polepole. Redio ya tatu ilikuwa nzima. Nilijua. Mimi ndiye.

"Rudia."

Ndugu, kusema jambo kama lile mara moja, unaweza. Mdomo unalitema unakimbia. Mara ya pili unalisikia. Mara ya tatu, tena polepole, ukifungua mdomo kwa kila herufi mbele ya macho ya mtu, hapo hakuna mahali pa kuweka chumvi. Nilisema. Machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

Fundi akakata waya kwa meno.

"Mara ya kwanza nilikupata," akasema. "Hizo mbili ni faini."

Halafu akacheka, na safari hii hakungoja, alicheka papo hapo, na mimi nikacheka na kulia pamoja kama mwehu, watu wa barabarani wakasimama. Alipotulia akaniambia kwamba siku ile kiganja chake kilikuwa juu ya sanduku, na kiganja kilimwambia mapema kabisa, hii ni nzima.

"Sasa kwa nini ulifungua?"

"Nilikuangalia wewe."

"Ungeamini mkono wako!"

Akaokota dainamo yetu, akaigeuza. "Mkono wangu haujawahi kunichekesha," akasema, na akainama kwenye kazi.

Alitusukia ile dainamo mpaka saa kumi. Sikuondoka pale. Yeye hakusema kama bado anasikia kitu chochote siku hizi, wala mimi sikumuuliza. Dereva akaja akaifunga, lori likawaka, akaanza kupiga honi, maana mbao zilikuwa zimechelewa. Nikamshika Fundi mkono, nikakimbia, nikapanda juu ya mzigo.

Lori liliposhika barabara nikageuka nyuma. Alikuwa ameshainamisha kichwa, anazungusha waya wa mtu mwingine. Nikakumbuka kwamba sikumuuliza atarudi lini Bondeni, sikumwambia habari ya mama wa mandazi, kwamba bado anamuulizia. Nikavuta pumzi nimwite. Lakini mtu kama yule haitwi kwa mdomo. Lazima urudi mpaka mbele ya uso wake, na lori lilikuwa limeshaingia gia ya tatu.